Mifupa Niliyokubali Kutoa

Futi ilikuwa ya baridi. Nesi aliitoa mfukoni mwa koti lake, ile futi laini ya mafundi cherehani, njano upande mmoja na nyeupe upande wa pili, akaweka ncha yake chini kabisa ya tumbo langu, akainyoosha kwenda juu mpaka pale mtoto alipoishia. Akabana kwa kidole gumba, akasoma, akaandika. Nililala kwenye kitanda cha zahanati moja ndogo ya Sinza, nyuma ya pazia la kijani, na ghafla nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani. Mle ndani hakukuwa na cherehani. Kulikuwa na spiriti, sabuni na jasho la wanawake walionitangulia. Lakini pua yangu ilikuwa imeshafika Yombo, kwenye baraza la mama, na ikanirudia hofu niliyodhani niliiacha huko pamoja na sare za shule ya msingi.

"Tulia dada," nesi alisema. "Nakupima tu."

Nakupima tu. Niliwahi kuambiwa hivyo zamani, na sikuamini.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Alitoka Masasi akiwa msichana, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani tangu asubuhi mpaka mbu waanze kuuma. Baba aliendesha malori ya Tunduma na kuonekana nyumbani kama mgeni: anakaribishwa, anapikiwa wali, anaondoka. Kwa hiyo tulikuwa watatu. Mama, mimi, na mdogo wangu Festo, ambaye alikuwa akivunjika.

Sijui namna nyingine ya kulisema hilo. Watoto wa wenzetu waliugua malaria, walitoka majipu, walipona. Festo alivunjika. Alivunjika mguu kwa kujikwaa kwenye kizingiti, alivunjika mkono kwa kuvutwa na mwenzake wakicheza, na mara moja alivunjika ubavu kwa kupiga chafya. Weupe wa macho yake haukuwa weupe hasa. Ulikuwa na ubluu kwa mbali, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Wageni walisema mtoto ana macho mazuri, na mama, ambaye alipenda sana sisi tusifiwe, alibadilisha mazungumzo.

Mtaani walimwita Kipa wa Hogo FC, kwa sababu ya hogo, ile plasta nyeupe ngumu ambayo ikitolewa mguuni ilihamia mkononi. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa akikaa kwenye mkeka, mguu umenyooka mbele kama mti, na kumwambia yeyote aliyepita, "Mie kipa. Piga shuti uone." Mimi kazi yangu ilikuwa kumfukuza kila mtu mwenye mpira.

Nyumba yetu iliogopa sauti moja. Haikuwa sauti kubwa. Ilifanana na kijiti cha kiberiti kinapovunjwa, na ilikuja katikati ya mambo ya kawaida kabisa, mtu anakula, mtu anacheka. Baada yake ulikuwepo ukimya mfupi, kabla Festo hajaanza kulia, na katika ukimya huo mama alikuwa ameshasimama. Nilijifunza kuishi huku nikiisikiliza sauti hiyo. Hata shuleni, mwenzangu akivunja penseli, moyo wangu ulikimbilia nyumbani.

Tukienda hospitali tulipanda bajaji, na barabara ya kwetu ilikuwa mashimo matupu. Mama alimweka Festo juu ya mto, mto juu ya mapaja yake, na kabla bajaji haijaondoka alimwambia dereva, "Taratibu kaka yangu, nimebeba mayai." Alikuwa amegundua kwamba ukisema una mgonjwa dereva anakimbia ili awahi, lakini ukisema una mayai anatambaa.

"Mayai yenyewe yako wapi, mama?" dereva aliuliza.

"Si hili hapa."

"Moja tu?"

"Moja tu. Ila ukilipasua hulilipi."

Festo alicheka. Kila safari alicheka, hata mguu ukiwa umevimba.

Lazima nieleze na jambo la nguo, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo. Nguo zangu zikinibana, mama alizikata na kumshonea Festo: gauni lilizaa kaptula mbili, sketi ilizaa shati. Lakini alikuwa na sharti lake, alilotoka nalo kwao. Nguo ya mtu haiguswi na mkasi mpaka mwenyewe atamke kwa kinywa chake kwamba anatoa. Ukiikata kimyakimya, alisema, atakayeivaa haitamkaa. Itambana hata kama ni kubwa. Basi aliniita, akatandaza gauni langu mezani, akampima Festo, akanipima na mimi ili ajue kama kweli halinitoshi, akachora mistari kwa chaki. Kisha akaniuliza, "Unampa mdogo wako?"

"Nampa."

Alishika mkasi. Akauliza tena, "Unampa?"

"Nampa."

Ndipo mkasi ulipoingia, na ile sauti yake ya kutafuna kitambaa ikamaliza gauni langu. Hapo ndipo pekee, katika utoto wangu wote, mtu mzima aliponiomba ruhusa. Kwingine kote niliambiwa: kaa, nyamaza, leta maji, kalale. Ukiulizwa, ujue kuna kitu chako kinaondoka na hakitarudi kikiwa kizima.

Watafiti walikuja Jumamosi asubuhi. Gari lao jeupe waliliacha barabarani kwa sababu mtaa wetu ulikuwa mchanga mtupu, wakaja kwa miguu wakiuliza njia. Mmoja alikuwa daktari mrefu mwenye sauti ya chini, mwingine muuguzi mnene, mchangamfu, aliyejitambulisha kama Sista Eliza. Walikuwa wameelekezwa kwetu na daktari wa mifupa aliyezoea kumfunga Festo hogo. Walimweleza mama kwamba wapo watoto wachache sana ambao mifupa yao inavunjika bila kupigwa na bila kuanguka, kwamba wao wanawatafuta watoto hao mmoja mmoja ili wajue sababu, na kwamba macho yale yenye ubluu ni sehemu ya ugonjwa huohuo.

Mama aliwasikiliza akiwa ameshika kitambaa alichokuwa akikishona. Mjumbe wa mtaa aliwahi kuja kumuuliza kama anampiga mtoto. Shangazi yetu alikuwa amesema wazi, mbele ya watu, kwamba mtoto havunjiki mwenyewe.

"Kwa hiyo si mimi?" mama aliuliza.

"Si wewe, mama," daktari alijibu. "Amezaliwa nayo."

Mama akajifunika uso kwa kile kitambaa. Mabega yake yalicheza. Sikuwahi kumwona akilia mbele ya wageni, na nikajua kwamba watu hawa, chochote watakachotaka, watapewa.

Walimpima Festo. Walimlaza kwenye mkeka taratibu, wakamnyoosha, wakapima mguu, paja, mkono, kichwa. Wakamulika macho, wakamulika meno, wakavikunja vidole vyake nyumanyuma. Alijipigia makofi mwenyewe walipomaliza. Kisha Sista Eliza akanigeukia mimi.

"Na dada mtu, njoo."

Mie? Mie sikuwa naumwa. Mie nilikuwa nakimbia, nabeba ndoo, nimewahi kudondoka kutoka kwenye ukuta wa jirani nikajikung'uta na kuendelea. Nilimtazama mama, naye akanipungia mkono: nenda.

Wakanisimamisha ukutani. Nikanyoosha mikono, wakapima toka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kile. Bega. Mkono. Kiuno. Urefu wa mguu kwa nje, kisha kwa ndani. Vilikuwa vipimo ninavyovijua, vya mama, na futi yao ilikuwa kama ya mama. "Nakupima tu," Sista Eliza alisema alipoona nimejikaza. Lakini nilikuwa nimekulia chini ya meza ya fundi. Sikuwahi kuona mtu amepimwa na mkasi usifuate.

Halafu akafanya jambo lililonimaliza kabisa. Alichuchumaa. Mtu mzima, mwenye sare nyeupe, alishuka mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mama yako ameshakubali," alisema. "Lakini mwili ni wako, kwa hiyo lazima na wewe uniambie. Tutakuita hospitali. Tutaiangalia mifupa yako na ya Festo pamoja, ili tuweze kumsaidia mdogo wako. Unakubali?"

Mimi nimepimwa. Festo amepimwa. Na sasa ninaulizwa. Mama alikuwa bado anajifuta macho, hakunitazama. Festo alinitazama, mdomo wazi, anangoja niseme ndiyo kama alivyozoea kuningoja mezani.

"Nampa," nilisema.

Sista Eliza alicheka, akanishika shavu. "Jamani, anavyompenda mdogo wake!"

Jioni ile nilimfuata Zuhura, mtoto wa mwenye nyumba wetu, aliyekuwa darasa la sita na aliyejua kila kitu.

"Wamekupima nini?" aliuliza.

"Mikono. Miguu. Kichwa."

"Na kichwa?" Akapiga mluzi. "Basi hao wanataka uhakika."

"Uhakika wa nini?"

"Kama inaingia! We unafikiri mtu anapimwagwa bure? Mjomba wangu alipewa figo na shangazi. Walimpima wee, mpaka damu, mpaka mkojo. Ilivyoonekana inaingia, wakampasua."

"Lakini figo ziko mbili."

"Na miguu je?"

Niliitazama miguu yangu.

"Shangazi yako alikufa?" niliuliza.

"Nani kakwambia anakufa mtu? Yupo Mbagala anauza vitenge. Ila akinyanyua ndoo analia." Akanitazama, na nadhani alinionea huruma, maana alishusha sauti. "Usimwambie mama yako kwamba unaogopa. Ataona unamnyima Festo."

Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo. Ningeweza kumwuliza mama. Alikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwangu, siku nzima. Lakini tangu wale watu waje alikuwa anaimba. Alikanyaga cherehani na kuimba nyimbo za kanisani za kwao, na wateja waliuliza kuna nini, naye akasema, "Mwanangu anatibiwa." Ningefungua vipi mdomo?

Kwa hiyo niliogopa peke yangu. Nikioga nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa mabati, nilijipapasa mifupa chini ya ngozi. Nilizungusha kidole kwenye kifundo cha mguu. Nilifuata mfupa wa mbele wa mguu kutoka chini hadi gotini, mrefu, mgumu, wenye ukingo, na nikawaza utatolewaje. Kwa chini, kama mtu anavyovuta kamba kiunoni mwa suruali? Au watachana pembeni, kama mama anavyofumua mshono? Na pale utakapotoka patawekwa nini? Mama akitoa kitu kwenye nguo huweka kiraka. Niliwaza mguu wangu ukining'inia kama soksi.

Dagaa nilikuwa nikiambiwa wanatia nguvu kwenye mifupa. Nikaanza kuwamwagia paka. Nilidhani mifupa yangu ikiwa mibovu haitachukuliwa. Kisha nikamwona Festo anakula dagaa wake mmoja mmoja, anatafuna kichwa, anatafuna mkia, huku ananiambia, "Dada, nikipona mie nitakuwa kipa kweli, siyo wa kukaa," na nikarudi kula wangu wote, nikilia kimoyomoyo. Kama mfupa ni wa kutolewa, basi utolewe ukiwa mzuri.

Nikachagua. Mguu wa kushoto. Mkono wa kulia nilikuwa nauandikia, mguu wa kulia ndio nilioutumia kuruka mtaro. Nikauaga mguu wa kushoto kama mtu anavyomuaga ndugu anayesafiri. Nikaanza mazoezi ya kuishi bila yeye: nilienda bombani kwa kuruka na mguu mmoja, nilipanda ngazi ya baraza kwa mguu mmoja. Mama alinikaripia, "Acha kuchezea mwili wako, mama! Unataka wote wawili mnilalie hapa?" Aliniita mama, kama alivyoniita siku zote akinipenda na akinikasirikia. Nilishusha mguu chini, na ulinishangaza kwamba bado ulikuwepo.

Kisha, asubuhi moja, Festo alinyoosha mkono kupokea kikombe cha uji, na ile sauti ikaja.

Ulikuwepo ule ukimya. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Ni mimi niliyekuwa namkabidhi. Uji ulikuwa unatoa mvuke. Festo aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akamtazama mama aliyekuwa ameshaacha cherehani na gurudumu lake linaendelea kuzunguka lenyewe. "Mama usilie," alisema. "Ni mkono tu." Halafu maumivu yakamfikia.

Nakumbuka nilichowaza, nami sikiamini mpaka leo. Niliwaza: mkono. Mimi nimejiandaa mguu. Sasa watataka na mkono.

Siku tuliyoitwa hospitali ilifika huku mkono wa Festo ukiwa ndani ya hogo. Mama alinivalisha gauni la kanisani. Alinipaka mafuta mpaka nikang'aa, na hilo nalo nililiona kama dalili. Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido ndefu, kina mlango mzito na baridi ya ajabu, baridi ambayo Dar es Salaam haina. Katikati palikuwa na meza ndefu, ngumu, chini ya mashine inayoning'inia kama cherehani kubwa isiyo na sindano. Niliitafuta sindano. Nilijua ipo ndani.

Mama aliambiwa asubiri nje na Festo. Mlango ukafungwa. Sista Eliza alichuchumaa tena, vilevile, macho kwa macho.

"Unakumbuka nilikuuliza? Nakuuliza tena. Bado unakubali?"

Mara ya pili. Mama naye huuliza mara ya pili akiwa ameshashika mkasi.

Nilitaka kusema nampa. Neno lilikataa. Badala yake nilisikia sauti yangu, nyembamba, inasema, "Chukueni mguu wa kushoto. Na mkono chukueni wa kushoto. Ila wa kulia niachieni, tunafanya mtihani."

Sista Eliza hakucheka. Alibaki amechuchumaa, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mbali.

"Tuchukue tupeleke wapi, mwanangu?"

"Kwa Festo."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Mlinipima," nilisema. "Halafu mkaniuliza."

Alikaa chini. Kwenye sakafu kabisa, na sare yake nyeupe. Alinivuta nikae karibu naye, nikasikia moyo wake unadunda kifuani.

"Sikiliza," alisema. "Hatuchukui kitu. Hakuna kisu humu. Mashine hii inapiga picha, basi. Tunataka kuona mfupa mzima umekaaje, tuuweke pembeni ya ule unaovunjika, tuone tofauti. Nyie mmezaliwa na mama mmoja na baba mmoja. Kwa nini wako uwe mgumu na wake uvunjike? Ndicho tunachotafuta. Mfupa wako ni wako. Nikikuuliza, nakuuliza ili ukitaka kusema hapana, useme. Na ukisema hapana, tunatoka humu sasa hivi, tunaenda kunywa soda, na hakuna atakayekukasirikia."

"Hata mama?"

"Hata mama."

Sikumwamini. Nilijaribu tu, kama mtu anavyojaribu barafu kwa ncha ya ulimi. "Hapana," nilisema.

Akasimama, akaenda mlangoni, akaufungua. Kweli kabisa. Taa ya korido ikaingia. Nikamwona mama kwenye benchi, mkono mmoja umemshika Festo, amegeuka kututazama kwa wasiwasi, na nikaelewa kwamba mifupa yangu yote ilikuwa yangu, ya kushoto na ya kulia. Kifua kikafunguka. Nilivuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta tangu Jumamosi ile.

Na katika pumzi hiyohiyo ndipo hofu ya kweli iliponiingia.

"Sasa Festo atapewa ya nani?" niliuliza.

Sista Eliza alifunga mlango tena, taratibu.

"Hapewi, mama. Mifupa yake ni hiyo hiyo. Tunatafuta dawa ya kuitia nguvu."

"Mmeipata?"

"Kuna inayosaidia kidogo. Inayoponya, bado."

"Mtaipata lini?"

"Sijui," alisema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima mwenye sare akisema sijui. Wiki zote zile niliogopa kukatwa, lakini ndani ya hofu hiyo Festo alikuwa anapona. Katika kila ndoto yangu mbaya, mimi nikiwa na mguu kama soksi, yeye alikuwa amesimama golini. Nilikuwa nimekubali kitu cha kutisha, na kitu hicho kilikuwa na bei na malipo. Sasa nimerudishiwa miguu yangu, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa yeye.

Nilipanda ile meza mwenyewe. "Pigeni," nilisema.

Baadaye daktari mrefu alibandika picha mbili kwenye kisanduku chenye taa, akamwita mama aone. Mifupa yangu ilikuwa myeupe, imenyooka, minene kama mistari ya chaki kwenye kitambaa cheusi. Ya Festo ilikuwa kama moshi. Ungeweza kuona kupita ndani yake. Ulipinda mmoja, mwingine ulikuwa na mafundo pale ulipovunjika na kujiunga, kama uzi uliounganishwa na fundi mwenye haraka. Daktari alionyesha kwa kalamu, akaeleza. Mama hakuwa anatazama picha. Sista Eliza alikuwa ameshamnong'oneza, naye alikuwa ananitazama mimi.

Kwenye bajaji ya kurudi alimweka Festo juu ya mto kama kawaida. Kisha akainama, akanivua kiatu.

"Ulikuwa unatoa mguu upi?"

"Huu."

Akaushika mguu wangu wa kushoto, kwa mkono wake wenye sugu za mkasi, akaubana kwenye mbavu zake.

"Taratibu kaka yangu," alimwambia dereva. "Nimebeba mayai."

"Mangapi, mama?"

"Mawili."

Hakuuachia mpaka Yombo.

Yaliyofuata yalikwenda polepole, kama mambo ya utafiti yanavyokwenda. Festo alitundikiwa dripu za dawa, mwaka hata mwaka, na akavunjika kidogo kuliko zamani, lakini akavunjika. Sote tulitolewa damu, hata baba, aliyekuja na lori lake na kuiogopa sindano. Walimwambia mama kwamba ugonjwa wa aina ile mtu anaweza kuubeba bila kuumwa, kisha ukatokea kwa mtoto wake iwapo na mwenzake ameubeba. Mama aliniambia hayo nilipomaliza shule, huku anashona, bila kuinua macho. Sasa hayupo. Futi yake ninayo, imefifia namba.

Festo leo ni fundi simu Tandika. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu, mfupi, mwenye mdomo mrefu, na wateja bado wanamwita Kipa. Asubuhi ile ya Sinza ni yeye aliyenisindikiza, kwa sababu mume wangu alikuwa kazini na kwa sababu alisisitiza. Nilimsikia nje ya pazia akimwuliza nesi mwingine, "Dada, mnampima gauni au suruali?" na wanawake wote kwenye benchi wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza tumbo langu, kama nilivyokuwa nikiisikiliza nyumba yetu, nikingoja sauti ya kijiti cha kiberiti. Daktari ameniambia uwezekano ni mdogo sana. Nimemwelewa. Usiku naota macho ya maziwa yaliyotiwa maji. Na nimeona haya kuota hivyo, kwa sababu macho hayo ndiyo niliyoyapenda kuliko yote duniani, na mwenye nayo yuko hapo nje anachekesha watu.

Nesi alikunja futi, akairudisha mfukoni. Akaniwekea mkononi kopo la vidonge vyeupe, vikubwa kama vifungo vya koti.

"Hivi usiache hata siku moja," alisema. "Vya mifupa. Mtoto huko ndani anajenga yake, na kama hapati vya kutosha kwenye chakula anajichukulia kwenye yako."

Niliinuka nikakaa.

"Anachukua kwenye mifupa yangu?"

"Ndiyo. Kidogo kidogo."

"Bila kuuliza?"

Nesi alicheka. Alikuwa msichana mdogo, labda hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. "Sasa amuulize nani, dada? Nguo zako hizo hapo." Akafungua pazia, akatoka kumwita anayefuata.

Nilibaki peke yangu ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili ikining'inia. Nje Festo alikuwa ananiita, anasema nikichelewa atanunua mihogo ya kukaanga aile yote. Mtoto akasogea. Nikaweka mkono pale futi ilipoishia, ninaogopa vilevile kama siku ile ukutani, nimepimwa, nimenyooshwa, sijui kitakachofuata. Lakini safari hii mdomo haukukataa.

"Nampa," nilisema.